Paa Linapovuja na Matengenezo Yakachelewa: Somo kwa Wapangaji, Wenye Nyumba na Watumishi wa Serikali

Somo hili linawahusu wapangaji, wenye nyumba na watumishi wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya nyumba za kukodisha katika visiwa vya Unguja na Pemba. Wananchi wanashauriwa walisome kabla ya mvua za masika, ambazo kwa kawaida huanza mwezi wa Machi na kuendelea hadi Mei, na walirejee tena kabla ya mvua za vuli za Oktoba hadi Disemba.

Msemo wa wahenga, "Usipoziba ufa utajenga ukuta", unajulikana na kila mtu. Hata hivyo, msemo huo unamfaa zaidi mtu aliye katika nyumba yake mwenyewe. Katika nyumba ya kupanga, anayeuona ufa siye mwenye ukuta, na mwenye ukuta mara nyingi hauoni ufa. Mmoja husubiri, mwengine hajui, na maji hayamsubiri yeyote kati yao. Kwa hivyo, jambo kubwa linalokusudiwa kufundishwa hapa ni hili: siku ambayo mpangaji alimjuilisha mwenye nyumba kwa maandishi ndiyo siku ambayo wajibu wa pande zote mbili huanza kuhesabika bila ya ubishi. Mpangaji anayeweza kuithibitisha siku hiyo ana madai yanayoweza kusikilizwa; asiyeweza kuithibitisha huwa na malalamiko tu.

1. JINSI MAJI YANAVYOIHARIBU NYUMBA

Maji ya mvua ni mengi kuliko yanavyodhaniwa. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Basi paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 likinyeshewa mvua ya milimita 50 hupokea lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Maji yote hayo yanatakiwa yateremke kwa michirizi na milizamu mpaka chini. Mchirizi ukiziba kwa majani, au bati moja likiachia msumari, sehemu ndogo tu ya maji hayo yatosha kuurowesha ukuta mzima.

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kama zilivyo nyumba nyingi za kale katika miji ya mwambao, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Kuta zake ni nene, nyingi zikiwa na nusu mita au zaidi. Dari na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba vya nyumba hizo kuwa vyembamba, kiasi cha mita 3 hivi. Nyumba ya namna hii hustahamili miaka mingi kwa sharti moja, nalo ni kwamba kichwa chake kiwe kikavu.

Paa likivuja, maji hayaonekani mara moja chumbani. Hupenya kwanza katika ukuta, yakailainisha chokaa na kuukokota udongo uliomo baina ya mawe. Halafu hufikia ncha za boriti zilizofukiwa ndani ya ukuta. Ncha hizo hazipati hewa, hivyo huoza kabla ya sehemu ya katikati inayoonekana na macho. Boriti inaweza kuonekana nzima kwa anayeitazama kutoka chini, ilhali kichwa chake kimekwisha kuwa unga. Mchwa nao hupenda mti uliorowa. Dalili ya kwanza anayoiona mpangaji, kwa mfano doa la rangi ya chai katika dari, huwa ni khabari ya jambo lililokwisha kuanza zamani.

Nyumba za zege na matofali nazo hazikusalimika. Ndani ya zege mna nondo za chuma. Maji yakipenya, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Zege husukumwa, likapasuka na kumeguka vipande. Kipande cha zege kinachodondoka kutoka darini kinaweza kumuua mtoto aliyelala.

Aidha, chumba chenye unyevunyevu huota kuvu katika kuta, makabati na magodoro. Kuvu huwadhuru zaidi watoto wachanga, wazee na wenye maradhi ya pumu.

Wakaazi wa visiwa hivi hawana haja ya kuhadithiwa maana ya jengo la kale kuanguka. Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, iliporomoka wakati wa kazi za ukarabati, na watu wawili walifariki. Jumba lile halikuwa nyumba ya kupangisha, na mas-ala yake ni mengine. Linatajwa hapa kwa sababu lilimwonesha kila mtu kwamba uzito wa mawe ni uleule, uwe juu ya jumba la kifalme au juu ya chumba cha kukodi.

2. KUJUA MAJI YANATOKA WAPI

Kabla ya kuandika barua, mpangaji na achunguze chanzo cha maji, kwani anayewajibika hutegemea chanzo. Uchunguzi huu hauhitaji fundi.

(a) Doa likikua baada ya mvua na kukauka siku za jua, chanzo aghlabu ni paa, mchirizi, mlizamu au ufa wa ukuta wa nje.

(b) Doa likiwa na maji siku zote, hata wakati wa kiangazi, chanzo huenda ni bomba. Fungeni mifereji yote ya nyumba kwa saa chache, kisha mtazame mita ya maji, ikiwapo. Mita ikiendelea kuzunguka, bomba linavuja mahali fulani.

(c) Maji yakitokea kila jirani wa juu anapooga au kufua, chanzo ni choo au sakafu ya bafu lake. Hapo itabidi kujua kama kasoro ni ya bomba na sakafu ya nyumba, au ni uzembe wa jirani aliyeacha ndoo ikafurika.

(d) Unyevu ukiwa chini ya ukuta tu, ukipanda kutoka ardhini na kuacha chumvi nyeupe, chanzo ni maji ya ardhini, shimo la maji machafu, au kiambaza kilichopigwa saruji kikakosa kupumua.

Yote yaliyoonekana yaandikwe katika daftari: tarehe, saa, kama mvua ilikuwa ikinyesha, na mahali penyewe. Picha zipigwe kwa simu, na kila picha ioneshe jambo moja kwa uwazi. Inafaa kuweka alama ya penseli pembezoni mwa doa pamoja na tarehe. Baada ya wiki mbili kila mtu ataona doa limesogea kiasi gani.

3. NANI ANAPASWA KUTENGENEZA

Kitu cha kwanza cha kusomwa ni mkataba wa upangaji. Mikataba mingi humwachia mwenye nyumba paa, kuta, boriti, ngazi, mabomba makuu na michirizi, na humtaka mpangaji aangalie usafi wa ndani na vitu vidogo vidogo vinavyochakaa kwa matumizi yake. Pale ambapo mkataba ni wa mdomo, jambo ambalo bado ni la kawaida kwetu, pande mbili zinashauriwa kuandika karatasi moja inayotaja kodi, muda, na nani atengeneze nini, kisha zitie saini mbele ya mashahidi. Karatasi hiyo iandikwe wakati wa masikilizano; wakati wa ugomvi haiandikiki.

Mahakama zetu zimerithi kanuni nyingi zenye asili ya sheria ya Kiingereza. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mwenye nyumba aliyejifunga kufanya matengenezo hahesabiwi kuwa amevunja ahadi yake kwa kasoro iliyo ndani ya sehemu anayoishi mpangaji mpaka awe ameijua kasoro hiyo. Hii ndiyo sababu taarifa ina uzito mkubwa. Mwenye nyumba anayekaa Pemba, Dar es Salaam au Maskati hawezi kulaumiwa kwa doa ambalo hakuna aliyemwambia.

Kwa wengi wetu, mafundisho ya fiq-hi nayo yana nguvu katika masikilizano ya watu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kama yalivyofafanuliwa na Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, kuiimarisha nyumba iliyokodishwa ni juu ya mkodishaji. Akiharakisha kutengeneza, mkataba unaendelea, na asipofanya hivyo, mpangaji ana hiari ya kuuvunja. Mafundisho hayo hayachukui nafasi ya sheria za nchi katika kesi za upangaji, lakini yanaonesha kwamba wazo la kuharakisha si geni katika mila zetu.

Nyumba za wakfu, ambazo ni nyingi katika Mji Mkongwe na husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, zina kanuni yao mashuhuri miongoni mwa wanazuoni: mapato ya wakfu hutumika kwanza kuiimarisha mali yenyewe, na ndipo yakagaiwa wanufaika. Wakfu ukianguka, aliyeuweka hupoteza sadaka yake inayoendelea, mnufaika hupoteza haki yake, na mpangaji hupoteza makaazi.

Zipo pia nyumba za Serikali, zikiwemo zile zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Katika nyumba hizo mwenye nyumba ni ofisi, na barua iandikwe kwa ofisi inayopokea kodi, kwa wadhifa na si kwa jina la ofisa. Maofisa huhamishwa, faili hubaki.

Nyumba za mirathi ambayo haijagaiwa ndizo zenye taabu zaidi. Warithi huwa wengi, baadhi yao wako nje ya nchi, na kila mmoja humngojea mwenzake. Mpangaji asijitie katika khitilafu za warithi. Taarifa na aipeleke kwa yule anayempa kodi na kupokea risiti kutoka kwake, na nakala awape warithi wengine anaowajua.

Mwisho katika sehemu hii, wapangaji wanaokaa wengi katika nyumba moja wanakumbushwa kwamba paa ni la wote. Mpangaji wa chini hudhani wa juu ameshasema, na wa juu hudhani mwenye nyumba anajua. Barua moja yenye saini za wapangaji wote ni bora kuliko manung'uniko ya kila mmoja ngazini.

4. TAARIFA YA MAANDISHI

Kumwambia mwenye nyumba msikitini, sokoni au kwa simu ni jambo jema, na adabu inataka lianze hivyo. Lakini maneno ya mdomo yafuatiwe na barua siku hiyohiyo au ya pili yake. Wahenga wamesema: "Mali bila daftari hupotea bila khabari." Barua yenyewe iwe fupi, isiwe na matusi wala vitisho, na itaje mambo matano: kasoro, siku ilipoonekana, hatari yake, kinachoombwa, na muda unaoombwa. Mfano ni huu:

"Kwa Mwenye Nyumba Na. ......, Mtaa wa ......

Assalaam alaykum.

KUH: TAARIFA YA KUVUJA KWA PAA

Mimi ni mpangaji wa chumba cha ghorofa ya pili, upande wa kibla. Tarehe ...... wakati wa mvua niliona maji yakiteremka katika ukuta wa chumba cha kulala. Hadi leo doa limefikia upana wa mita 1, na boriti mbili za juu yake zimelainika.

Naomba uje, au umlete fundi, uangalie paa na boriti hizo ndani ya siku 7 tangu leo, kwani masika yamekaribia na pana watoto wanaolala humo. Wakati nikisubiri, nimehamisha vitanda na nimetega ndoo. Nipo nyumbani kila siku baada ya saa kumi jioni kukufungulia.

Picha tatu nimezifungamanisha. Nakala ya barua hii ninayo.

Wako katika ujenzi wa nyumba,
Mpangaji, ......"

Barua itolewe nakala mbili, na mwenye nyumba au wakala wake atie saini na tarehe katika nakala ya mpangaji. Akikataa kutia saini, ipelekwe mbele ya shahidi ambaye ataandika kwamba ameshuhudia. Ujumbe wa simu unaweza kutumika pia, mradi usifutwe, na picha yake ihifadhiwe mahali pengine pasipokuwa simu hiyo.

Ama muda wa kuombwa, uendane na hatari. Boriti inayoshuka, dari iliyofura maji, au maji yaliyogusa nyaya za umeme ni mambo ya siku hiyohiyo. Paa linalovuja wakati wa mvua ni jambo la siku chache. Rangi iliyobanduka katika ukuta mkavu yaweza kungojea mwisho wa masika.

5. WAJIBU WA MPANGAJI WAKATI WA KUSUBIRI

Kutoa taarifa hakumpi mpangaji ruhusa ya kukaa na kuitazama mali yake ikiharibika. Ni kanuni ya sheria kwamba aliyepatwa na hasara hufanya analoweza, kwa kiasi cha akili na uwezo wake, ili hasara isizidi. Mtu aliyeliacha godoro chini ya tone la maji kwa mwezi mzima hatasikilizwa atakapodai bei ya godoro. Kwa hivyo:

(a) Umeme uzimwe katika swichi kuu endapo maji yamefika karibu na taa, soketi au nyaya, na usiwashwe mpaka fundi wa umeme anayetambulika aseme pamekauka.

(b) Vitu vihamishwe, na mtu yeyote asilale chini ya dari iliyofura au boriti iliyopinda.

(c) Vilivyorowa vianikwe na chumba kipitishwe hewa ndani ya siku moja au mbili, kabla ya kuvu kuota.

(d) Turubali au karatasi ya nailoni inaweza kutandikwa juu ya paa kwa muda, kwa idhini ya mwenye nyumba, na kwa fundi anayejua kutembea juu ya mabati. Mpangaji asipande mwenyewe paa lililooza.

(e) Ufa wa nyumba ya mawe usizibwe kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na haipumui kama chokaa. Huyafungia maji ndani ya ukuta, chumvi ikajikusanya, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Kwa sababu hiyo hiyo mchanga wa pwani usitumike, kwa chumvi iliyomo. Chokaa iliyorowekwa vizuri, na fundi anayeijua, ndiyo dawa yake.

Kwa nyumba zilizomo ndani ya eneo la hifadhi la Mji Mkongwe, ambalo liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kazi za ujenzi na ukarabati zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Kibali hicho huombwa na mwenye nyumba. Kutafuta kibali kusiwe udhuru wa kuchelewa: mwenye nyumba anayeijua kasoro mwezi wa Januari ana nafasi ya kukiomba kabla ya Machi.

6. MATENGENEZO YASIPOFANYIKA

Muda uliotajwa ukipita bila ya jawabu, mpangaji aandike barua ya pili, aitaje ya kwanza kwa tarehe yake, na nakala ampelekee Sheha wa Shehia yake. Masheha wanawajua watu wao, na mizozo mingi humalizikia barazani kwa Sheha kabla ya kufika mbali. Palipo na hatari ya jengo kuanguka, taarifa ipelekwe mara moja pia kwa Baraza la Manispaa au Halmashauri inayohusika, na kwa nyumba za Mji Mkongwe, kwa Mamlaka yake. Hatari haisubiri barua ya pili.

Hapa wapangaji wanatahadharishwa juu ya mambo mawili yanayowapoteza wengi.

La kwanza ni kuzuia kodi. Mpangaji hukasirika, akaacha kulipa, akidhani hivyo atamlazimisha mwenye nyumba. Matokeo yake ni kwamba aliyekuwa mdai hugeuka kuwa mdaiwa. Mwenye nyumba ambaye hakuwa na la kusema juu ya paa lake hupata la kusema juu ya kodi yake, na huenda akaomba amri ya kumtoa. Kodi ilipwe, risiti ichukuliwe, na madai ya matengenezo yaendelee kwa njia yake. Anayetaka kupunguziwa kodi kwa kuwa chumba kimoja hakikaliki na aombe hivyo kwa maandishi, na apate kibali kwanza.

La pili ni kutengeneza kwa fedha yake kisha kuikata katika kodi pasipo na makubaliano. Mpangaji anayetaka kufanya hivyo awape mafundi wawili waikadirie kazi kwa maandishi, makadirio ampelekee mwenye nyumba, na asianze mpaka apate idhini inayotaja kiasi cha fedha na miezi ya kukatwa. Bila ya idhini hiyo, anaweza kuambiwa kwamba amejitolea, na mwenye kujitolea hulipwa shukrani.

Juhudi zote zikishindikana, mlango wa Mahakama uko wazi. Wasio na uwezo wa kuweka wakili wanaweza kutafuta ushauri kwa wasaidizi wa sheria walioko katika shehia na wilaya, au kwa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kimekuwa kikitoa huduma hiyo tangu mwaka 1992.

7. KUDAI HASARA YA VITU VILIVYOHARIBIKA

Mpangaji anayekusudia kudai fidia atayarishe orodha yenye safu nne: kitu, mwaka kiliponunuliwa, bei yake, na namna kilivyoharibika. Risiti zilizopo ziambatanishwe. Kitu kilichoharibika kisitupwe kabla ya mwenye nyumba kupewa nafasi ya kukiona. Bei idaiwe kwa haki: kabati la miaka kumi haliwi na thamani ya kabati jipya, na madai yaliyotiwa chumvi huyaharibu hata yale ya kweli.

Hasara iliyotokea kabla ya taarifa na ile iliyotokea baada yake ziandikwe mbali mbali. Hapo ndipo thamani ya barua ya kwanza inapoonekana. Tuchukue mfano wa mpangaji ambaye redio yake iliharibika usiku wa mvua ya kwanza, na magodoro yake mawili yakaharibika wiki tano baadaye kwa maji yaliyopita mahali pengine ambapo hapakuvuja hapo kabla. Madai ya redio ni dhaifu, kwani mwenye nyumba hakuwa na khabari. Madai ya magodoro ni mazito, kwani alikuwa nayo khabari kwa wiki tano na kasoro imeachwa ikapanuka.

Ieleweke pia kwamba bima ya jengo, kwa mwenye nyumba aliyeikata, kwa kawaida hulinda jengo tu. Vyombo vya mpangaji havimo, ila akate bima yake mwenyewe.

8. NENO KWA WENYE NYUMBA NA KWA OFISI ZA SERIKALI

Si kila mwenye nyumba anayechelewa ni dhalimu. Wapo wanaopokea kodi ndogo isiyotosha bei ya mabati, na wapo wanaodai kodi ya miezi mingi kwa mpangaji huyohuyo anayelalamika. Hata hivyo, kukaa kimya hakupunguzi gharama. Kusafisha mchirizi ni kazi ya mtu mmoja kwa asubuhi moja. Kubadilisha bati na misumari yake ni kazi ya siku moja. Kubadilisha boriti zilizooza ni kazi ya mafundi kadhaa kwa wiki nyingi, pamoja na kuvunja sakafu, kutafuta miti na kuwahamisha watu. Ukuta ukianguka, hakuna tena cha kutengeneza. Asiyeweza kufanya yote na aanze na paa, kwani fedha yoyote inayotumiwa ndani ya nyumba yenye paa bovu hupotea.

Mwenye nyumba aliyepokea barua anashauriwa aijibu hata kama hana fedha, aseme atakuja lini na ataanza na lipi. Mpangaji aliyejibiwa husubiri kwa utulivu. Vilevile paa likaguliwe mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba, kabla ya mvua zote mbili, na mpangaji atoe nafasi ya ukaguzi bila ya pingamizi.

Kwa watumishi wa ofisi zinazosimamia nyumba, ikiwemo Shirika la Nyumba la Zanzibar na Kamisheni ya Wakfu, inasisitizwa kwamba barua ya paa linalovuja si barua ya kupangwa pamoja na maombi ya kawaida. Masjala ipige muhuri wa tarehe siku inapopokelewa, nambari ya faili apewe mwananchi, na jina la nyumba liingizwe katika daftari la kasoro lenye safu ya tarehe ya ukaguzi na tarehe ya kumaliza kazi. Safu ya mwisho ikiwa tupu kwa mwezi mzima, mkuu wa kitengo aulize. Ofisa anayemwambia mwananchi "njoo wiki ijayo" na akumbuke kwamba wiki moja ya masika ndani ya ukuta wa mawe haiwi sawa na wiki moja ndani ya trei ya barua.

9. MASUALI YA KUJIPIMA

Msomaji aliyefika hapa ajiulize yafuatayo, na aliyekosa jawabu arejee sehemu inayohusika.

(i) Mkataba wangu unasema nani atatengeneza paa, na uko wapi sasa hivi?

(ii) Nikiulizwa leo ni lini nilimjuilisha mwenye nyumba, nitaonesha karatasi gani?

(iii) Ninajua swichi kuu ya umeme iko wapi, na watoto wangu wanajua?

(iv) Kwa mwenye nyumba: mara ya mwisho nilipomtuma fundi juu ya paa ilikuwa lini?

(v) Kwa ofisa: katika daftari langu mna kasoro ngapi ambazo zimepokelewa na hazijakaguliwa, na masika yatafika lini?

Wananchi wanaombwa kuukata ukurasa huu na kuuhifadhi pamoja na mkataba na risiti za kodi. Masheha nao wanaombwa kuubandika katika mbao za matangazo za shehia zao kabla ya mwisho wa mwezi wa Februari.